Uamuzi wa picha za mkanda na za dijitali katika mashindano

Uamuzi wa picha za mkanda na za dijitali katika mashindano ni kazi ya kupima kwa haki picha zilizopigwa kwa njia mbili tofauti: zile za kamera inayotumia mkanda wa filamu, na zile za kamera ya dijitali au simu ya mkononi. Kazi hiyo huwakuta hasa majaji wa mashindano ya wapigapicha wa ridhaa, yaani watu wanaopiga picha kwa kupenda na si kwa kutafuta riziki, kama vile wanafunzi, wanachama wa vilabu na wachangiaji wa kamusi elezo za mtandaoni.

Ugumu unatokana na ukweli kwamba picha za aina hizi mbili hazina kasoro zinazofanana, hazina gharama sawa, wala hazithibitishwi kwa ushahidi wa aina moja. Jaji anayetumia kipimo cha aina moja kuipima nyingine humwonea mshiriki, mara nyingi bila kujua. Kwa sababu hiyo kanuni nzuri husimama juu ya mambo matatu: picha zote zioneshwe kwa namna moja, zipimwe kwa kile kinachoonekana ndani yake badala ya chombo kilichozipiga, na kila mshiriki adaiwe uthibitisho unaolingana na chombo chake.

Istilahi

Neno filamu lina maana mbili katika Kiswahili cha leo. Watu wengi wakilisikia hufikiria sinema. Maana ya pili ni utepe wa plastiki uliopakwa kemikali zinazobadilika zikipigwa na mwanga. Nchini Tanzania utepe huo huitwa kwa kawaida mkanda, na kazi ya kuupitisha kwenye dawa na kutoa picha za karatasi huitwa kusafisha picha. Makala hii inatumia neno mkanda ili kuepuka utata.

Mkanda uliosafishwa hutoa negativi, yaani picha ndogo ambamo penye mwanga huonekana peusi na penye giza huonekana peupe. Mkanda wa slaidi ni tofauti, kwa kuwa hutoa moja kwa moja picha yenye rangi zake halisi. Mkanda uliozoeleka zaidi una upana wa milimita 35, na kila picha juu yake ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Mkanda mmoja kwa kawaida hutoa picha 24 au 36.

Katika kamera ya dijitali nafasi ya mkanda inachukuliwa na kihisi, ambacho hugeuza mwanga kuwa tarakimu. Nukta ndogo zinazounda picha huitwa pikseli. Faili ghafi ni kumbukumbu ya kihisi kabla haijafanyiwa marekebisho. Metadata ni maelezo yanayoambatana na faili, kama vile aina ya kamera, tarehe na saa. Kuskani ni kuigeuza negativi, slaidi au picha ya karatasi kuwa faili ya dijitali.

Historia

Kwa zaidi ya miaka 100 swali hili halikuwepo, kwa sababu picha zote zilitegemea kemikali. Kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka ilitengenezwa na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak nchini Marekani mwaka 1975. Ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Katika miaka ya 1990 na 2000 kamera za dijitali zilienea, kisha simu zenye kamera zikafuata. Mwaka 2009 Kodak ilitangaza kuacha kutengeneza mkanda maarufu wa slaidi wa Kodachrome, uliokuwa sokoni tangu 1935, na mwaka 2012 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Hata hivyo mkanda haukufa. Mwaka 2018 Kodak ilirudisha sokoni mkanda wa slaidi wa Ektachrome, na vijana wengi duniani wameanza tena kutumia kamera za zamani.

Afrika ya Mashariki ina urithi mkubwa wa picha za kemikali. Mpigapicha Mjerumani Walther Dobbertin alifanya kazi katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na wakati wa vita hivyo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, na picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 zilitikisa dunia.

Sehemu ya urithi huo sasa inapatikana kwa njia ya dijitali. Mwezi Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani ilitoa karibu picha 100,000 kwa Wikimedia Commons, zikiwemo za Dobbertin. Hivyo picha iliyopigwa kwenye bamba la kioo zaidi ya karne moja iliyopita na picha ya simu iliyopigwa jana huweza kukaa ukurasa mmoja, zote zikiwa faili za dijitali.

Mashindano ya mtandaoni yameongeza uzito wa jambo hili. Wiki Loves Monuments yalianza Uholanzi mwaka 2010, na Wiki Loves Africa yalianza mwaka 2014 kwa mada ya mapishi. Katika Wiki Loves Monuments picha lazima iwe imepigwa na mshiriki mwenyewe na ipakiwe ndani ya kipindi cha mashindano, lakini inaweza kuwa imepigwa miaka mingi nyuma. Kwa kanuni ya namna hiyo, mtu aliyepiga picha za jengo la kale kwa mkanda mwaka 1985 anaweza kuziskani na kushindana na kijana mwenye simu. Swali la haki hapo si la kubuni.

Tofauti ambazo jaji anapaswa kuzijua

Chembe na chengachenga

Picha ya mkanda inaundwa na chembe za fedha au madoa ya rangi yaliyotawanyika bila mpangilio. Mkanda wenye wepesi mkubwa wa kupokea mwanga, kama ISO 800, una chembe kubwa kuliko mkanda wa ISO 100. Picha ya dijitali iliyopigwa penye mwanga hafifu huwa na chengachenga, ambazo mara nyingi hutokea kama nukta za rangi kwenye vivuli. Jaji aliyezoea picha laini za simu anaweza kudhani chembe ni kosa la mshiriki. Jaji aliyelelewa kwenye chumba cha giza anaweza kuona chembe ni uzuri na chengachenga ni uchafu. Wote wawili wanapima mazoea yao. Swali sahihi kwa picha zote ni moja: je, chembe au chengachenga hizo zinaficha kitu ambacho mtazamaji anahitaji kukiona?

Mwanga mkali na kivuli

Negativi huvumilia mwanga kuzidi kuliko mwanga kupungua. Ikipata mwanga mwingi kiasi, maelezo ya sehemu nyeupe mara nyingi bado yapo. Ikipata mwanga kidogo, vivuli hubaki vitupu. Kihisi cha dijitali kiko kinyume chake. Sehemu nyeupe ikishajaa mwanga, maelezo yake hupotea kabisa, ilhali vivuli huweza kuinuliwa baadaye kwa kompyuta. Slaidi ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa huvumilia makosa madogo tu pande zote mbili.

Heroe, wale ndege wa waridi wanaoonekana kwenye Maziwa ya Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni mfano mzuri. Jua la mchana likiwapiga, picha ya dijitali iliyokosewa kidogo itaonesha migongo myeupe isiyo na manyoya. Katika negativi migongo itaonekana, lakini tope jeusi la ufukweni huenda likakosa maelezo. Makosa hayo mawili yana uzito sawa. Si haki moja likatwe alama 5 na jingine lipewe jina la "mtindo".

Rangi ya ngozi

Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley, kutokana na mwanamitindo wa mwanzo wa Kodak. Matokeo yake mikanda na mashine zilipendelea ngozi nyeupe, na nyuso za watu weusi mara nyingi zilitoka bila maelezo, hasa wanapopigwa picha pamoja na watu weupe. Simu nyingi za leo zina kosa la upande mwingine, kwa kuwa programu zake hulainisha na kung'arisha ngozi bila kuombwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mashindano ya Afrika ya Mashariki. Jaji asiulize kama uso umetoka mweupe au "safi". Aulize kama rangi ya mtu inaaminika na kama macho, mikunjo na umbo la uso vinaonekana. Picha ya zamani yenye rangi iliyoelemea upande mmoja kwa sababu ya mkanda au umri ipimwe kwa kuzingatia hilo.

Idadi ya picha na gharama

Mwenye mkanda ana nafasi 36, na kila anapobonyeza hutumia fedha. Mwenye simu anaweza kupiga mara 500 na kuchagua moja. Wengine hudai kwamba mwenye mkanda astahili alama za nyongeza kwa subira yake. Hoja hiyo ina udhaifu. Jaji hana njia ya kuona idadi ya picha zilizotupwa, na kamera nzuri ya dijitali huweza kugharimu fedha nyingi kuliko kamera ya mkanda iliyorithiwa kwa babu. Zaidi ya hayo, mwanafunzi mwenye simu ya bei ndogo hana chaguo jingine. Kwa hiyo ni salama zaidi kupima picha iliyoletwa, si jasho lililotumika wala bei ya chombo.

Ukubwa wa faili

Hofu kwamba mkanda hauna "pikseli za kutosha" mara nyingi haina msingi. Negativi ya milimita 35 ikiskaniwa kwa nukta 4,000 kwa inchi hutoa picha ya takriban pikseli 5,670 kwa 3,780, yaani zaidi ya milioni 21. Ili kuchapa karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi zinahitajika pikseli milioni 8.7 tu. Picha ikioneshwa kwa projekta ya pikseli 1,920 kwa 1,080, mtazamaji anaona takriban pikseli milioni 2, hata kama faili ni kubwa namna gani.

Namna ya kuonesha picha

Haki huanza kabla jaji hajaketi. Ikiwa picha za mkanda zitaletwa zikiwa zimechapwa kwenye karatasi ndogo na za dijitali zikaoneshwa kwenye skrini kubwa inayong'aa, ushindani umeshaharibika. Mwandalizi achague njia moja kwa wote. Njia ya kwanza ni kuchapa picha zote kwa ukubwa mmoja, kwenye karatasi ya aina moja, na ikiwezekana na mchapaji mmoja. Njia ya pili ni kuonesha zote kwenye skrini moja, kwa upana uleule wa pikseli, katika chumba chenye mwanga uleule.

Picha zipewe namba badala ya majina. Kingo za mkanda zenye matundu na namba zikatwe kwenye nakala ya kuonesha, kwa sababu zikiachwa humwambia jaji chombo kilichotumika kabla hajaitazama picha. Taarifa za chombo zibaki kwa katibu.

Uhariri unaoruhusiwa

Watu wengi huamini kwamba picha ya mkanda haidanganyi na ya dijitali hudanganya. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1857 Oscar Rejlander alionesha nchini Uingereza picha iitwayo The Two Ways of Life, aliyoiunganisha kutoka negativi takriban 30. Katika chumba cha giza mpigapicha huweza kuikinga sehemu moja ya karatasi isipate mwanga mwingi na kuiongezea nyingine. Mmarekani Ansel Adams alichapa picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, aliyoipiga mwaka 1941, mara nyingi kwa miaka mingi, na anga katika nakala za baadaye lilikuwa jeusi zaidi kuliko katika zile za mwanzo.

Kwa hiyo kanuni isiseme "uhariri wa kompyuta umekatazwa". Iseme ni badiliko gani limekatazwa, kwa njia yoyote ile. Mfano mzuri ni tafsiri ya pamoja ya picha za viumbe na mazingira iliyokubaliwa na mashirika matatu: Photographic Society of America (PSA), Royal Photographic Society ya Uingereza, na shirikisho la kimataifa la sanaa ya picha, FIAP, lililoundwa mwaka 1950. Tafsiri hiyo ilianza kutumika mwaka 2015. Inakataza kuongeza, kuhamisha au kuondoa vitu vilivyokuwepo mbele ya kamera, isipokuwa kwa kukata kingo. Lakini inaruhusu kuondoa vile vilivyoletwa na chombo chenyewe, ikitaja vumbi, chengachenga za dijitali na mikwaruzo ya mkanda.

Hapo ndipo usawa ulipo. Mkwaruzo na chengachenga vimewekwa katika sentensi moja kwa sababu vyote havikuwepo mbele ya lenzi. Mshiriki wa mkanda anayefuta vumbi kwenye negativi iliyoskaniwa hajafanya hila, kama ambavyo mwenzake wa dijitali hajafanya hila anapopunguza chengachenga. Lakini yeyote anayefuta nguzo ya umeme iliyosimama nyuma ya twiga amevuka mpaka.

Simu za kisasa zimeleta swali jipya. Simu nyingi huunganisha zenyewe picha kadhaa zilizopigwa ndani ya muda mfupi sana ili kusawazisha mwanga na kivuli. Ni vema kanuni itamke wazi kwamba muunganiko unaofanywa na chombo kwa kubonyeza mara moja unaruhusiwa, bila hivyo karibu kila mwenye simu atakuwa mkosaji asiyejijua.

Uthibitisho wa asili

Eneo hili ndilo lenye dhuluma ya kimyakimya zaidi. Waandalizi wengine huchunguza metadata na kuiondoa kila picha isiyo na jina la kamera. Picha iliyoskaniwa haiwezi kushinda mtihani huo, kwa kuwa metadata yake hutaja mashine ya kuskani na tarehe ya kuskani. Mzee aliyepiga picha yake kwa uaminifu huonekana mdanganyifu. Vilevile picha ya dijitali iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza metadata, na kijana mkweli huondolewa. Akiituma kama waraka, faili hufika kama ilivyo.

Uthibitisho unaolingana ni huu:

- Kwa mkanda: negativi au slaidi yenyewe, pamoja na picha zilizotangulia na zilizofuata kwenye mkanda huohuo. Namba zilizopo kwenye kingo huonesha mfuatano.
- Kwa kamera ya dijitali: faili ghafi au faili ya kwanza kutoka kwenye kadi, pamoja na picha za kabla na baada.
- Kwa simu: faili ya asili ndani ya simu, na picha nyingine za tukio hilohilo.

Tanzania ina hali yake. Zamani studio ziliwapa wateja picha na negativi ndani ya bahasha moja, na kwa miaka mingi negativi hizo zimeharibika au kupotea. Picha ya karatasi pekee haitoshi kuthibitisha nani aliyepiga. Aliye nayo kwenye albamu si lazima awe ndiye mpigapicha. Mara nyingi yeye ndiye aliyepigwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua picha kuwa miongoni mwa kazi zinazolindwa. Suluhisho la busara ni kuipokea picha kama hiyo katika maonesho ya kumbukumbu yasiyo na tuzo, ili isitupwe wala isishindanishwe.

Visa vinavyojulikana

Visa vifuatavyo vya kimataifa vinaonesha kwamba udanganyifu hauko kwenye chombo.

Mashindano ya Wildlife Photographer of the Year ya Uingereza yaliiondoa mwaka 2010 picha iliyokuwa imeshinda, ya mbwa mwitu akiruka lango, baada ya majaji kuamini kuwa mnyama huyo alikuwa amefugwa. Mwaka 2018 mashindano hayohayo yaliiondoa picha ya mlasisimizi wa Brazili kwa kuwa mnyama alionekana kuwa ngozi iliyojazwa ya maonesho. Katika visa vyote viwili tatizo lilikuwa mbele ya lenzi.

Mwaka 2015 World Press Photo, yaliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1955, yaliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho baada ya kuzilinganisha na faili za asili. Hao walikuwa wapigapicha wa habari, si wa ridhaa.

Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alikataa tuzo ya Sony World Photography Awards na kufichua kwamba picha yake ilitengenezwa kwa akili mnemba. Mwaka 2024 mambo yaligeuka. Mpigapicha Miles Astray aliingiza picha halisi ya heroe aliyeinamisha kichwa katika kundi la picha za akili mnemba la shindano la 1839 Awards. Ilipata ushindi, kisha ikaondolewa alipokiri kuwa ni ya kamera. Majaji walishindwa kutambua kwa macho, pande zote mbili. Ndiyo maana uthibitisho wa asili hauwezi kuachwa kwa hisia za jaji.

Kutoa alama

Jopo la kawaida huwa na majaji 3 au zaidi, na ni vizuri angalau mmoja awe amewahi kutumia mkanda na mwingine awe mzoefu wa dijitali. Vigezo vitangazwe kabla ya picha kupokelewa. Mgawanyo mmoja unaoweza kutumiwa ni alama 40 kwa maudhui na ujumbe, 30 kwa mwanga na mpangilio, 20 kwa ufundi, na 10 kwa kufuata mada. Ufundi ukipewa alama nyingi mno, chombo cha bei kubwa ndicho hushinda.

Chukulia mfano wa picha mbili. Picha A ni ya mkanda, na imepata 82, 80 na 55. Picha B ni ya dijitali, na imepata 74, 75 na 76. Jumla ya A ni 217, wastani 72.3. Jumla ya B ni 225, wastani 75. Kwa wastani B inashinda. Lakini majaji wawili kati ya watatu waliipa A alama za juu zaidi, na alama ya katikati ya A ni 80 wakati ya B ni 75. Jaji mmoja ameamua matokeo peke yake.

Hapo mwenyekiti hapaswi kubadili alama wala kumkemea mtu. Anapaswa kuuliza sababu. Jaji akijibu, "Ina chembe nyingi," ilhali kanuni zinasema chembe pekee si kasoro, ataombwa aipime upya. Akijibu kwamba mtu mkuu katika picha hayuko mahali alipoelekeza macho ya mtazamaji, sababu yake ni halali na alama inabaki. Kanuni ya kawaida inaweza kuwa kwamba tofauti ya zaidi ya alama 20 kati ya majaji hufungua mazungumzo. Alama za awali zihifadhiwe ili mshiriki akiuliza aoneshwe.

Kundi moja au mawili

Kutenga kundi la mkanda kunafaa pale washiriki wake wanapokuwa wengi, au pale lengo la mashindano ni kufundisha ufundi wa chumba cha giza. Washiriki wa mkanda wakiwa 4 kati ya 60, kuwatenga kunamaanisha kwamba watatu watapata tuzo karibu bila kushindana, na heshima ya tuzo itapungua. Katika hali hiyo ni bora kuwa na kundi moja lenye kanuni zilizoelezwa hapo juu. Tuzo ya pekee ya picha bora ya mkanda inaweza kuongezwa bila kuzuia picha hiyo kushinda tuzo kuu.

Mfano katika mazingira ya Akheri

Mfano huu umewekwa katika kata ya Akheri, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Meru karibu na Tengeru mkoani Arusha, lakini unafaa shule au kijiji chochote. Tuseme shule inaandaa shindano lenye mada "Mlima na watu wake". Mwanafunzi analeta picha ya simu inayoonesha kilele asubuhi, na chini yake migomba na kahawa. Mkulima mstaafu analeta negativi ya mahali hapohapo aliyoipiga miaka 30 iliyopita.

Simu imesawazisha mwanga, hivyo kilele na shamba vyote vinaonekana. Katika negativi kilele kina maelezo, lakini chini ya migomba ni giza, na ana mkwaruzo mmoja uliokatiza anga. Katibu anaskani negativi, anafuta mkwaruzo kwa ruhusa ya mwenyewe, na anatazama picha jirani kwenye kipande hicho cha mkanda. Kwa mwanafunzi anaangalia faili ya asili ndani ya simu. Kisha picha zote mbili zinachapwa kwa ukubwa wa A4 na kupewa namba.

Majaji sasa wana swali moja tu: ni picha ipi inayoeleza vizuri zaidi mlima na watu wake? Huenda ni ya mwanafunzi, kwa kuwa kuna mama anayechuma kahawa na uso wake unaonekana wazi. Huenda ni ya mkulima, kwa kuwa giza la migombani linaufanya mlima uonekane mkubwa. Jibu lolote watakalotoa, aliyeshindwa anaweza kuelezwa sababu iliyomo ndani ya picha yake. Hatakiwi kwenda nyumbani akiamini kwamba ameshindwa kwa sababu ya simu yake ya bei ndogo au kamera yake ya kizamani.